Mara Saba, Wala si Mara Sita
Somo: 2 Wafalme 5:1–14



Habari za Naamani tumezijua tangu Shule ya Jumapili. Alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mwenye heshima kubwa, lakini alikuwa na ukoma. Nabii Elisha alimwagiza ajioshe katika mto Yordani mara saba. Alipozitimiza mara saba, akapona. Je, kama angetoka majini mara ya sita, angerudi Shamu na nini? Angerudi na ukoma wake.

Tunaikumbuka habari hii kwa sababu ya ugonjwa uliomo katika nyumba zetu, yaani kifua kikuu. Mwaka 1882 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza kwamba amekigundua kijidudu kinachouleta. Basi si uchawi, wala si laana ya ukoo. Mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, vijidudu hivyo husafiri hewani, hasa katika nyumba yenye giza isiyoingiza upepo, kama tembe zetu za zamani. Dawa zake zipo. Hata hivyo, mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 duniani waliugua, na milioni 1.25 wakafa. Wengi huchelewa kupimwa, wengine wamedhoofishwa na njaa au UKIMWI, na wapo wanaoacha dawa njiani.

Kwa kawaida matibabu ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Baada ya wiki chache homa hushuka, kikohozi hupungua, na hamu ya chakula hurudi. Hapo ndipo penye mtego. Kwetu Ugogo mvua zikianza kila mtu huwahi shamba la uwele, na malisho yakikauka vijana huhamia mbali na ng'ombe. Mgonjwa husema, "Nimeshapona," akaviacha vidonge. Lakini vijidudu vilivyosalia huamka tena, na huenda vikawa vimeizoea dawa. Hicho ndicho kifua kikuu sugu, ambacho Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kukitibu mwaka 2009, kwa dawa nyingine na kwa taabu zaidi. Sisi tulioshika chaki miaka mingi tunajua kwamba aliyeacha masomo kabla ya mtihani hapewi cheti, hata kama alianza vizuri.

Sasa tuwatazame waliokuwa pamoja na Naamani. Yeye alikasirika, akageuka aende zake. Aliyemrudisha hakuwa mfalme. Ni watumishi wake waliomsogelea, wakamsihi kwa upole kama watoto wanavyomsihi baba. Na kabla yao, kijakazi mdogo, mateka, ndiye aliyesema tiba inapatikana wapi.

Nchi yetu ilifanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ikishauriwa na Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, jina lake likaandikwa daftarini, na asipofika alitafutwa. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia nzima, na njia iliyojaribiwa hapa kwetu ikafundishwa kwa mataifa mengine. Siku hizi mgonjwa anaweza kumchagua mtu wa nyumbani awe msimamizi wake. Huyo ndiye mtumishi wa Naamani.

Ndugu, kazi hiyo ni yetu. Tukimwona mtu anakohoa wiki mbili au zaidi, anakonda, anatoka jasho usiku, tumwambie kama yule kijakazi: nenda zahanati, au Hospitali yetu ya Mvumi, ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Akisha kuanza, tumtembelee. Tumpelekee ugali na mlenda, maana vidonge juu ya tumbo tupu ni vigumu kuvumilia. Tuitazame kadi yake, tuhesabu naye miezi. Akitaka kwenda shamba au kuhamia na mifugo, aage kwanza kituoni ili apangiwe dawa huko aendako.

Wala tusimtenge. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani, kwa kikombe, wala kwa kupeana mikono. Na aliyekwisha kutumia dawa vizuri kwa wiki kadhaa, kwa kawaida haambukizi tena. Mhudumu akisema anaweza kuchangamana na watu, tumpishe kwenye benchi, apige magoti pamoja nasi Mezani pa Bwana.

Tuombe. Ee Mungu wetu, uliyemponya Naamani kwa maneno ya wadogo, uwape wagonjwa wetu subira hata mwezi wa mwisho, na utupe sisi miguu ya kuwafuata. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.