Shilingi 6,000 Zatoka Mfukoni mwa Nani?

Mwezi wa Julai mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, tulikuwa Nakuru kwa jamaa zetu wa mtaa wa Bondeni. Baada ya sala ya isha watu hawakutawanyika upesi, kwani baridi ya Bonde la Ufa huwafanya watu wakae karibu karibu, na kahawa ilikuwa ingali moto. Mazungumzo yalikuwa ni yale yale yaliyojaa kila baraza siku zile: je, ahadi za Bwana Raila Odinga zaweza kutimizwa, au ni maneno ya kuombea kura tu?

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli kwa miaka mingi alisema kwa ukali: "Mwanangu, mtu akikwambia atakupa shilingi 6,000 kila mwezi na asikwambie atazitoa wapi, huyo hakukupa kitu. Amekukopa kura yako." Kijana mmoja, muuza mitumba, akamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, na hawa watwambiao kila siku kwamba Serikali haina fedha, mbona za kununulia magari yao hawazikosi?" Watu wakacheka, lakini hapana aliyeshinda, nasi tuliondoka na swali lile kifuani. Leo aliyeitoa ahadi ile hayuko tena duniani, kwani alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, na uchaguzi ule yeye alishindwa. Basi twaona ni wakati mwema wa kulipima swali lenyewe, maana sasa hakuna wa kumpa kura wala wa kumnyima.

Kwanza tuieleze ahadi kama ilivyokuwa, kwani wengi wetu hupenda kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Muungano wa Azimio la Umoja ulitangaza ilani yake tarehe 6 Juni 2022 katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Ndani yake mlikuwa na mambo makubwa: matibabu kwa kila mtu, elimu bila ya malipo mpaka chuo kikuu, na shilingi 6,000 kila mwezi kwa jamaa milioni 2 zilizo masikini kabisa. Hili la mwisho ndilo tutakaloliangalia, kwa sababu ndilo mtu aliweza kulihesabu kwa vidole vyake mwenyewe.

Na hesabu yake haitaki mwanachuoni. Elfu sita mara milioni mbili ni shilingi bilioni 12 kwa mwezi. Mara miezi kumi na miwili, ni bilioni 144 kwa mwaka. Bajeti ya Serikali iliyosomwa mwezi wa Aprili mwaka ule ilikuwa kama trilioni 3.3, na mapato ya kawaida yaliyotarajiwa ni kama trilioni 2.1 tu. Pengo kubwa lilikuwa lizibwe kwa mikopo, ilhali deni la nchi lilikuwa limekwisha kupita trilioni 8. Ukizitazama bilioni 144 mbele ya trilioni 3.3, ni shilingi 4 na kitu katika kila 100, na mtu aweza kusema, "Ni hizo tu?" Lakini zitazame kwa upande mwengine. Kaunti zote 47 za nchi ziligawiwa bilioni 370 kwa mwaka ule wa fedha, basi ahadi hii moja ni karibu mafungu mawili katika matano ya hizo. Na kaunti ya Nakuru peke yake ilipata kama bilioni 13 kwa mwaka ule mzima. Kwa fedha hizo, na kidogo inachotoza yenyewe, hulipa waganga wa hospitali yake kubwa, hutengeneza barabara za Molo na Kuresoi, hulipa walimu wa watoto wadogo, na huzoa taka za Naivasha na Gilgil. Yaani ahadi ile, kwa mwezi mmoja tu, ingekula karibu sawa na ile Nakuru iliyokuwa ikila kwa mwaka.

Hatusemi haya ili kuonyesha kwamba haikuwezekana. Waliosimama upande wa Bwana Odinga walikuwa na jawabu, na si jawabu la kupuuzwa. Mwezi wa Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alisema katika redio kwamba zaidi ya shilingi bilioni 2 huibiwa Serikalini kila siku. Zidisha kwa siku 365, upate bilioni 730. Ahadi nzima ya 6,000 ni chini ya fungu moja katika matano ya wizi huo! Wakasema: zibeni tundu, na maji yatatosha. Na Bibi Martha Karua, aliyeteuliwa mwezi wa Mei kuwa mgombea mwenza, alitajwa kuwa ndiye fundi wa kuliziba.

Hoja hii ina nguvu mbele ya nafsi yenye kuchukia dhuluma, nasi iliturukia moyoni mara tulipoisikia. Lakini tulipoikalia kitako tuliona kasoro yake. Mali iliyoibiwa haimo sandukuni ikimngoja mtawala mwema aje na ufunguo. Imo ndani ya bei ya saruji iliyopandishwa, imo katika mishahara ya watu wasiokuwako, imo katika majumba ya watu wenye mawakili hodari. Kuizuia isiibiwe tena ni kazi ya miaka, na kuirudisha iliyokwenda ni kazi ya miaka zaidi. Kesi huakhirishwa, mashahidi husahau, na majalada hupotea. Mwenye njaa yeye hula kila siku. Basi ahadi ilikuwa ya kila mwezi, na chimbuko lake lilikuwa la miaka. Katikati ya hayo mawili palikuwa na shimo, na shimo hilo hujazwa kwa mojawapo ya mambo mawili: kodi au deni. Hilo ndilo halikusemwa kwa sauti ile ile iliyosemea 6,000.

Watu husema ahadi ni deni. Ni kweli, lakini deni la nani? Mtu akiniahidi mbuzi wake, deni ni lake. Akiniahidi mbuzi wa jirani, kwanza yafaa jirani aulizwe. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, yasimuliwa kwamba alijifananisha, katika mali ya Waislamu, na msimamizi wa mali ya yatima. Mfano huu watosha kuwatia khofu wagombea wote wa dunia. Msimamizi wa yatima hatoi ahadi za ukarimu kwa mali isiyokuwa yake, hata akiwa na nia njema, mpaka ajue ni ngapi, ni za nani, na kesho yatima atakula nini.

Wala isidhaniwe kwamba Umar alikuwa bakhili wa hazina. Yeye ndiye aliyeweka daftari la majina, watu wakapewa posho zao za mwaka kwa mwaka, baada ya mali kuingia. Hata yeye, mali ikiwa mkononi na uadilifu ukiwa moyoni, mpango wake ulimpa tabu asiyoitazamia. Mwanzo watoto walikuwa hawapewi mpaka waachishwe ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto analia na kulia, na alipomuuliza mama akaambiwa kwamba anamwachisha kabla ya wakati wake ili apate posho ya Umar. Yasimuliwa alilia sana, akabadilisha amri yake, mtoto akawa anapewa tangu kuzaliwa. Tazameni! Kanuni njema iliwadhuru watoto wachanga, na dawa yake haikuwa kuifuta bali kuirekibisha, na aliyeirekibisha ni yule yule aliyeiweka.

Jambo hili la daftari watu wa Nakuru hawahitaji kufunzwa. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, maelfu walikaa mahemani katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na Serikali ikaamua kuwapa waliofukuzwa makwao shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Fedha zilitoka. Lakini ugomvi wa nani ameandikwa na nani hakuandikwa haukwisha kwa miaka: wako waliopokea na hawakuhama, na wako waliohama na hawakupokea. Sasa fikiri jamaa milioni 2. Ni nani angezichagua? Chifu? Diwani? Katika mtaa mmoja wa Kivumbini au Flamingo, ambapo kila mlango wa pili una masikini, kumwandika huyu na kumwacha yule ni fitina inayoingia nyumbani kabla ya fedha kuingia. Swali hili, kwa rai yetu, lilikuwa zito kuliko la fedha, na halikuulizwa sana hata na wale walioipinga ahadi.

Hata hivyo, yatupasa tuwe waadilifu kwa wenye ndoto kubwa. Mwaka 2002 Bwana Mwai Kibaki aliahidi elimu ya msingi bila ya malipo, na wajuzi wa hesabu wakasema nchi haiwezi. Januari 2003 milango ikafunguliwa, na watoto waliokuwa kama milioni 5.9 wakapanda mpaka milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Aliyesema haiwezekani alikosa. Na aliyesema ni rahisi alikosa vile vile, kwani madarasa yalifurika na mwalimu mmoja akabaki na watoto mpaka mia mbele yake. Mwaka 2013 uzazi bila ya malipo katika hospitali za Serikali ukatimizwa mwezi wa Juni, ilhali tarakilishi zilizoahidiwa kwa kila mtoto wa darasa la kwanza zilikuja kwa kuchelewa sana na kwa sura nyengine. Ahadi mbili za serikali moja, hali mbali mbali.

Sisi wa pwani tuna ushahidi ulio karibu na ngozi zetu. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 kwa mabilioni 300 na zaidi, nyingi zikiwa mkopo wa Uchina. Ikaendelezwa mpaka upande wa Naivasha, ikafika Suswa Oktoba 2019, na hapo njia ikakatika kwa miaka, ziwa la Kisumu lisionekane hata kwa mbali. Naivasha ikaahidiwa bandari ya nchi kavu. Basi fedha za kulipia mkopo zitoke wapi? Mwaka ule ule wa 2019 ikaja amri kwamba makontena ya kwenda bara yapitishwe kwa reli, na watu wa Mombasa wakaandamana njiani kwa sababu madereva wa malori, makuli, wenye yadi, na mama wauza chakula wa kandokando ya barabara mpaka Mariakani waliona riziki yao inahamishwa. Aliyeahidiwa ni wa Bonde la Ufa, na aliyelipa ni wa pwani. Hakuna aliyemuuliza. Wala ndugu zetu wa Naivasha hatuwalaumu, kwani nao hawakuambiwa kwamba mgeni wao aja na mkate alioutwaa kwenye meza ya mwengine.

Haki yataka tuseme pia kwamba mshindani wa Bwana Odinga naye hakuwa na ahadi ndogo. Bwana William Ruto aliahidi bilioni 50 kila mwaka za kukopesha wachuuzi, na mfuko ule ulipofunguliwa Novemba 2022 ulikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo humweka Mwislamu mwenye kujichunga nje ya mlango. Mbolea ya bei nafuu iliwafikia wakulima wa Njoro na Molo, nao waliishukuru. Kisha mwaka 2024 ukaja mswada wa fedha uliotaka kuutia mkate kodi ya asilimia 16. Kodi ya mkate iliondolewa kabla ya kura, lakini kwa mengine yaliyobaki vijana waliingia njiani nchi nzima, na Nakuru pia, mpaka tarehe 25 Juni Bunge likavamiwa na roho za watu zikapotea, na siku ya pili mswada ukarudishwa. Lau katika mikutano ya 2022 mgombea yeyote wa pande zote mbili angesema, "Nitawapa hili, na nitatoza mkate wenu," tungemsikiliza? Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi tuliokuwa tukipiga makofi. Tulimpenda mwenye kusoma ukurasa wa kutoa, na aliyetaka kutusomea ukurasa wa kutwaa tukamwona mwenye nuksi.

Kwa hivyo, ahadi ya 6,000 ilikuwa ya kweli au ya uwongo? Twaona haikuwa uwongo. Ilikuwa nusu ya sentensi. Wanachuoni wetu wamepambanua baina ya anayeahidi na nia ya kutimiza kisha akashindwa, na anayeahidi hali moyoni hana nia, na kilicho moyoni mwa marehemu hatukijui wala hatukitaki. Nusu ile nyengine ndiyo tuliyokuwa na haki ya kuidai, nasi hatukuidai.

Asubuhi ya kuondoka Nakuru tulipita kumuaga bibi mmoja, shangazi wa wenyeji wetu, aliyepindukia miaka 70 na aliyekuwa akipokea zile 2,000 za wazee, ambazo zilikuwa zimechelewa tena. Tulimweleza hesabu zetu zote, bilioni kwa bilioni. Akatusikiliza kwa subira mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, hayo mwayajua nyinyi. Mimi najua kwamba kodi ya chumba ni 2,500 na dawa ya presha ni 1,100. Yule amesema 6,000. Hajanipa, lakini ameketi mahali akafikiri mtu kama mimi anahitaji shilingi ngapi. Wengine hata hilo hawakulifanya." Hatukuwa na la kumjibu. Simu yake ikalia, akatupa tumsomee, huenda ni zile 2,000 zimeingia. Ulikuwa ni ujumbe wa mgombea mmoja wa udiwani, amwomba kura yake.