Kipimo kikikosea, nani mwenye dhima?

Huenda umekiona kile kibanio anachovishwa mgonjwa mahututi kidoleni. Hupitisha mwanga katika kidole, na kwa kiasi kinachofyonzwa na damu hukadiria oksijeni. Hakuna sindano wala maumivu. Ni neema.

Lakini Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha jambo zito. Pale kibanio kiliposoma asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilipochotwa na kupimwa, takriban vipimo 12 katika kila 100 vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, 4 tu. Weusi wa ngozi nao hufyonza mwanga, na vifaa vingi vilisanifiwa kwa kupimia zaidi watu weupe.

Je, hii ni dhulma? Wapo watakaosema hapana, kwa kuwa hakuna aliyekusudia. Hoja hiyo ingetosha kama hakuna aliyejua. Lakini kasoro hii iliandikwa na madaktari tangu mwaka 1990! Mwenye duka ambaye mizani yake imeharibika bila yeye kujua, ana udhuru. Akishaambiwa, kisha akaendelea kuuzia watu kwa mizani ile ile, udhuru hana tena.

Hatusemi kibanio kitupwe, kinaokoa wengi. Tunasema, mgonjwa akihema kwa shida ilhali namba inadai yu salama, aaminiwe mgonjwa, damu ipimwe. Na watengenezaji wapimie ngozi zote. Uhai ni amana.