Mkombozi na Njia ya Msafara

Kila tunapokusanyika kusali tunamwita Yesu Mkombozi. Neno hili tumelizoea mno hata uzito wake hatuusikii. Kwa wazee wetu wa Tabora, kukomboa kulikuwa na maana iliyo wazi: kutoa mali ili mtu aliye mikononi mwa mwingine aachiliwe. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya msafara kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na nguo kwa ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, wasio na ujira wala hiari.

Wamisionari wa Afrika waliopanda kutoka Bagamoyo mwaka 1878 waliikuta biashara hiyo, wakawa wanatoa mali kuwakomboa watoto. Ni tendo jema, lakini lina swali gumu ndani yake. Muuzaji akishapokea mali, atazuiwa na nini asirudi na mtoto mwingine? Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri kwamba biashara yenyewe ikomeshwe. Huruma humwinua aliyeanguka. Haki huuliza ni nani anayemwangusha. Imani inatudai yote mawili.

Inatudai pia kwamba aliyekombolewa apewe heshima ya mtu kamili. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto kule Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, akauzwa, kisha akakombolewa na wamisionari. Walimsomesha udaktari kisiwani Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista. Aliwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyewahi kutajiwa bei sokoni aliokoa maisha ya watu wasiohesabika.

Minyororo imekwisha, lakini watoto bado wanapitishwa. Binti wa kijijini anapandishwa basi kwenda mjini kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Akifika anakabidhiwa ndoo, jiko na mtoto wa kulea. Shule haitajwi tena, na mshahara, kama upo, unapokewa na aliyempeleka. Hatusemi kwamba kila dada wa kazi ni mtumwa. Wako wanaotunzwa vizuri na kulipwa kwa wakati. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na sheria ya kazi inampa kila mfanyakazi siku ya kupumzika kila juma. Je, nyumbani kwetu inafuatwa?

Mtume Paulo aliandika waraka mfupi kwa Filemoni, Mkristo ambaye kanisa lilikutana nyumbani kwake. Alimwomba ampokee Onesimo, mtumwa wake, si tena kama mtumwa bali kama ndugu. Tuone jambo hili: imani ya Filemoni haikupimwa kwa sala zilizosaliwa sebuleni kwake, bali kwa namna atakavyomfungulia mlango huyo mmoja.

Basi nasi tuanzie mlangoni petu. Binti anayetupikia Jumapili tukiwa kanisani, naye ana siku ya kusali? Mshahara wake unafika mkononi mwake? Tukikutana katika jumuiya ndogo ndogo, tukisikia kwamba mtoto wa jirani anatafutiwa kazi mjini, tuwaulize wazazi kwa upendo anakwenda kwa nani, na tuchange ada abaki shuleni. Na palipo na dhuluma, tusione haya kwenda kwa mtendaji wa kijiji au polisi.

Sisi tuliokombolewa kwa gharama kubwa hivyo, hatuwezi kuufanya utu wa mwenzetu uwe wa bei rahisi.