AHADI YENYE PANDE MBILI



Wahenga walisema ahadi ni deni, na watoto wetu wote wamelikariri neno hilo. Lakini liko swali ambalo methali hiyo haikulijibu: mtu akikuahidi jambo, nawe ukamwahidi jingine kwa ajili ya lile lake, kisha yeye asitimize, je, wewe ungali na deni?

Swali hili si la vitabuni tu. Mama mmoja jirani yetu ana duka la kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwajazia vijana maombi ya mikopo ya masomo na ya kazi. Shughuli zote hizo siku hizi hupita kwenye intaneti. Alitia sahihi mkataba wa miezi 24 na kampuni ya simu, alipe shilingi 90,000 kila mwezi. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Baada ya hapo mtandao ukawa wa kubahatisha: leo upo, kesho hakuna, na mara nyingi hukatika saa zilezile za wateja. Akipiga simu, huambiwa mafundi wanashughulikia. Vijana wakaanza kwenda duka la pili, maana siku ya mwisho ya maombi haimngoji mtu. Mwezi wa nane alipoomba kuondoka, aliambiwa alipe kwanza miezi 16 iliyobaki, yaani shilingi 1,440,000. Kwa duka kama lile, fedha hizo ni karo ya watoto na kodi ya chumba.

Wako wanaosema: alitia sahihi, na alipe. Tusiwacheke watu hawa, maana wana Maandiko upande wao. Zaburi ya 15 yamsifu mtu asiyebadili kiapo chake hata kikimletea hasara. Tena twasoma katika Yoshua sura ya 9 jinsi Wagibeoni walivyowadanganya Waisraeli kwa viatu vilivyochakaa na mikate iliyoota ukungu, wakajifanya wametoka nchi ya mbali. Hila ilipogunduliwa, wakuu wa Israeli hawakuvunja kiapo chao. Na Sauli alipokuja kukivunja baadaye, nchi ilipata njaa ya miaka mitatu. Basi neno lililotoka kinywani si jambo dogo.

Lakini tuangalie ni neno la namna gani. Waisraeli waliapa kuwaacha Wagibeoni hai. Hawakuapa kwa kubadilishana na kitu cha kutolewa kila mwezi. Mkataba wa biashara ni wa namna nyingine. Ndani yake limo neno dogo "ikiwa": nitakulipa ikiwa utanipa. Mama yule hakuahidi kuitunza kampuni kwa miezi 24. Aliahidi kununua huduma kwa miezi 24. Ikiwa huduma haipo, anachodaiwa si bei ya kitu alichonunua, bali bei ya subira yake.

Wako pia wa upande wa pili, hasa vijana. Wao humwambia: usilipe hata senti, chukua laini nyingine kwa jina la mdogo wako, wakikupigia waambie umehama mji. Shauri hili lina utamu, maana aliyeonewa hupenda kuona werevu wake ukishinda. Tumkumbuke Yakobo. Labani alimbadilishia ujira mara kumi, na Mungu aliliona jambo hilo. Hata hivyo Yakobo alipoondoka kwa siri bila kuaga, haki yake ikafanana na wizi, na Labani akapata sababu ya kumfuatia. Anayetoroka humpa mdhulumu wake nafasi ya kujiita mdhulumiwa. Tena uongo hauishii kwa kampuni: mdogo wake huyo ataingizwa katika jambo lisilo lake, na mwenyewe atajifunza njia ambayo kesho ataitumia kwa asiyemkosea.

Basi ipo njia gani kati ya hizo mbili? Nadhani yatupasa kuuliza ada ile ni ya nini. Kampuni ikileta ruta, ikavuta waya na kutuma fundi, imetumia fedha ikitumaini kuzirudisha polepole. Mteja akiondoka mapema kwa kupenda kwake tu, ni haki aifidie hasara hiyo. Hata Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74, yasema kwamba mkataba ukiwa umetaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa hustahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Fidia ya kadiri maana yake ni kuziba pengo, si kuchuma. Ada inayodai miezi 16 ya huduma isiyotolewa, kutoka kwa mtu aliyeondoka kwa sababu huduma haikutolewa, imeacha kuwa fidia. Imekuwa faida inayotokana na kosa la mwenye kuipokea.

Hapa tuseme na haki ya kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikakosa intaneti au zikaipata kwa shida. Hilo halikuwa kosa la fundi wa mjini kwetu. Sheria ya Musa ilijua tofauti hii. Kutoka sura ya 22 yasema mnyama aliyewekwa amana akiraruliwa na mnyama wa mwitu, aliyemtunza halipi. Akiibwa mikononi mwake, hulipa. Ajali ni ajali, na uzembe ni uzembe. Mwenye haki hachanganyi hayo mawili, wala kwa kujitetea, wala kwa kushtaki.

Kwa hiyo namshauri mama yule, na wengine walio kama yeye, atoke kwa mlango wala asitoke kwa dirisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike kila siku mtandao ulipokatika, na saa, na jina la aliyempokelea simu. Aandike barua ya malalamiko na kubaki na nakala. Alipe miezi aliyohudumiwa, na ruta airudishe ikiwa ni mali ya kampuni. Asiposikilizwa, ipo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo hupokea lalamiko la mteja baada ya kampuni kushindwa kulimaliza. Njia hii ni ndefu, na mwenye duka hana siku nyingi za kupoteza. Lakini ndiyo njia ambayo mwishoni aweza kusema mbele ya mtu yeyote: nilichodaiwa nimelipa, na nisichodaiwa nimekikataa hadharani.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kibaba na kuongeza bei. Zamani kipimo kilikuwa cha nafaka. Leo mwezi wa huduma ni kipimo pia, na anayeuza mwezi wa siku 30 akatoa siku 20 amepunguza kibaba, hata kama mkataba wake umepigwa chapa vizuri.

Lakini ndugu zangu, kemeo hili lisiishie kwenye makampuni. Fundi cherehani aliyepokea malipo ya awali ya sare, akazitoa baada ya shule kufunguliwa. Seremala anayekula fedha ya mbao. Nasi wa parishi tunaokodisha ukumbi kwa harusi: umeme ukikatika na jenereta yetu isiwake, je, tunarudisha sehemu ya fedha, au tunaonyesha karatasi iliyosema "fedha hazirudishwi"? Karatasi hiyo yaweza kutulinda barazani kwa hakimu. Haitatusaidia mbele ya Yule asiyesoma sahihi peke yake, bali asomaye na yaliyotendwa.

Ahadi ni deni, naam. Lakini deni lina pande mbili, na anayekumbuka deni la mwenziwe tu bado hajajifunza methali hiyo hadi mwisho. Tuombe neema ya kutimiza neno letu kwanza, ndipo tudai la wengine kwa uso mkavu na moyo safi.