Je, Mahari ni Deni la Binti?



Ndoa inapovunjika hapa kwetu Bariadi, mara nyingi swali la kwanza katika kikao cha wazee ni hili: ng'ombe wangapi warudishwe? Desturi ya Wasukuma ina hesabu yake. Mke akiondoka, baba yake hudaiwa ng'ombe wa mahari. Lakini hesabu hupunguzwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa, maana hao ni wa ukoo wa mume.

Tusidhani hesabu ya namna hii ni yetu peke yetu. Katika Roma ya kale mahari ilitoka kwa mke kwenda kwa mume. Wakiachana kwa kosa la mke, mume alizuia sehemu moja ya sita ya mahari kwa kila mtoto, bila kuzidi nusu.

Hesabu hiyo tusiidharau. Iliwalazimu wakwe kusuluhisha kabla ya kutengana. Lakini yatupasa kuuliza, mzigo wake humwangukia nani? Pengine ng'ombe wale wameshatolewa mahari ya kaka yake. Binti akikimbia kipigo, baba humwambia, "Rudi kwa mumeo, uvumilie." Hakupokea hata ndama mmoja, lakini yeye ndiye anayelipa, tena kwa mwili wake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyatenganisha mambo haya. Ndoa haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Kwa kawaida wenye ugomvi hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi. Katika malezi, linalotangulia ni ustawi wa mtoto. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Maana yake, mke si mgeni aliyekuja na ng'ombe na kuondoka nao.

Sisi tulioahidiana kanisani hatuwezi kuifanya talaka kuwa jambo jepesi. Lakini ahadi ile ni ya watu wawili mbele ya Mungu, wala haikuwekwa ili kulinda zizi la baba.

Basi, wazee wenzetu, tukiketi tena, tumwulize kwanza binti amepatwa na nini. Ng'ombe tuwahesabu baadaye. Na kama deni lipo, alilipe yule aliyewapokea.