Khitilafu za Makasisi Katika Utatu: Je, Ni Hoja ya Kumtosha Mwislamu?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mmoja asiye na mshirika, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kagondo ni mahali katika nchi ya Wahaya, magharibi ya ziwa kuu la Nyanza. Pana misheni na hospitali ya Wakatoliki, na katika nchi hiyo wamo Waluteri na Waislamu pia, na mara nyingi ukoo mmoja hugawanyika katika dini hizo. Mtu wa pwani afikaye huko kwa biashara au kwa kusomesha husikia mahubiri ya namna nyingi, na upesi humjia neno hili: "Hawa hawapatani juu ya Mungu wao, basi yao ni batili na yetu ni haki." Neno hili ni tamu ulimini, walakini lapasa litiwe katika mizani kwanza.

Jambo la kwanza ni kujua wanakhitilafiana katika nini. Mwaka 1879, mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, padre Lourdel Mfaransa na Mackay wa misheni ya Kiingereza walishindana hadharani, hata Kabaka akataajabu vipi Wazungu waletao dini moja hawapatani. Ushindani ule ukazaa vita, na Januari 1892 wafuasi wa Wafaransa walishindwa pale Mengo. Mapadre wakakimbilia kusini, na mwaka ule ule wakaanza misheni ya Kashozi katika Buhaya. Waluteri wa Betheli waliwafuata mwaka 1910. Basi dini hiyo iliingia Buhaya ikiwa na jeraha la ugomvi. Walakini ugomvi ule ulikuwa juu ya Papa, na Bibi Mariamu, na amri ya kanisa. Katika Utatu, Mkatoliki na Mluteri husoma shahada moja. Mwenye kudai kwamba hao wawili wanapingana katika Utatu amesema lisilokuwa, na uongo hauinusuru haki.

Khitilafu ya kweli katika Utatu ipo, nayo ni ya zamani. Kasisi Ario wa Iskandaria alisema kwamba Mwana ameumbwa. Wakuu wa kanisa wakakutana Nikea mwaka 325 wakamkataa, na jambo lisitulie mpaka mkutano wa Konstantinopoli mwaka 381, na hata baada yake. Mwaka 1553, mjini Geneva, Michael Servetus alichomwa moto kwa kuukanusha Utatu. Mwaka 1916, huko Marekani, Wapentekoste waligawanyika, kundi moja likisema Baba na Mwana na Roho ni majina ya Yesu peke yake. Na Mashahidi wa Yehova, walioko Tanzania pia, huukataa Utatu kabisa.

Tena iko khitilafu iliyojificha katika mifano. Mhubiri mmoja husema Utatu ni kama maji, mara barafu, mara mvuke. Mwingine husema ni kama mtu mmoja aliye baba kwa mwanawe, mwana kwa babake na mume kwa mkewe. Wanavyuoni wao wenyewe huikataa mifano hiyo, kwani ni kauli ya Sabelio, aliyetolewa kanisani katika karne ya tatu. Basi mhubiri huenda akausimamisha Utatu kwa maneno ambayo kanisa lake limeyahukumu kuwa upotofu, naye hajui.

Akisema Mwislamu, "Hiyo yatosha," kasisi atamjibu: "Na nyinyi je?" Maana Waislamu nao wamekhitilafiana katika sifa za Mungu. Mu'tazila walizikanusha zisiwe kitu cha pili cha milele pamoja na Dhati. Ash'ari wakazithibitisha, wakasema si Yeye wala si ghairi Yake. Mwaka 218 Hijria Khalifa Al-Maamun aliwatia watu katika mtihani juu ya kuumbwa kwa Qur'ani. Imamu Ahmad bin Hanbali akafungwa na kupigwa, na Al-Buwayti, mwanafunzi wa Imamu Shafi'i, akafa kifungoni Baghdadi mwaka 231. Na hapa pwani, Ibadhi husema Mola hataonekana Akhera, na Shafi'i husema ataonekana. Na katika zama za masultani wa Unguja kila madhehebu ilikuwa na kadhi wake.

Basi ikiwa khitilafu peke yake yabatilisha dini, hapana dini itakayosalimika. Ufa katika ukuta wa jirani hausimamishi ukuta wa mtu mwengine. Na kijana aliyejengewa imani juu ya ugomvi wa makasisi, siku atakapousikia ugomvi wa masheikh atakuwa hana pa kusimama.

Hoja ya haki ni nyingine. Asili ya dini, ambayo mja ataulizwa kwayo, yapasa ifundishwe wazi na Mtume mwenyewe. Katika Injili ya Marko, mlango wa 12, Isa alipoulizwa amri iliyo kuu, alianza kwa Umoja wa Mungu. Na neno la Kiyunani la "dhati moja", lililowekwa Nikea, halimo katika Injili. Kasisi atasema kwamba mkutano haukuzua bali ulifafanua. Hapo ndipo mahali pa mjadala, nao wataka elimu, si kicheko. Na Mwislamu akiulizwa juu ya sifa, atajibu kwamba hapana katika Ahlu-Sunna aliyeisujudia sifa, wala aliyesema sifa imekuwa mwili.

Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waislamu wasijadiliane na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo njema, wala chuki isiwazuie kufanya uadilifu. Naye aliyeko Kagondo, ambaye nduguye wa tumbo moja huenda kanisani, ana haja ya amri hiyo kuliko mtu yeyote; kwani akimshinda nduguye kwa maneno ya uongo, atakuwa amempoteza ndugu wala hakuipata haki.

Wallahu a'lam.