Hesabu ya Mlenga Shabaha

Kuua hukatazwa nyumbani na kutuzwa vitani. Mkono ni ule ule, na roho itokayo haina tofauti. Kilichozidi ni amri. Je, amri yaweza kuifuta dhambi? Swali hili lina shahidi katika maisha ya Simo Häyhä wa Ufini.

Häyhä alizaliwa Rautjärvi mwaka 1905, akakua katika kilimo na uwindaji. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliivamia nchi yake, na mkulima huyu akapelekwa Kollaa. Huko alivaa mavazi meupe, akalala juu ya theluji, akaitia kinywani ili mvuke wa pumzi usimfichue. Bunduki yake haikuwa na darubini. Jicho lake lilimtosha. Katika siku zisizotimia 100 aliua watu wanaohesabiwa kupita 500. Tarehe 6 Machi 1940 risasi ilimvunja taya. Alizindukana tarehe 13, siku ambayo vita vilikwisha. Nchi ikampa nishani na cheo cha luteni-usu.

Alipoulizwa uzeeni kama alijuta, alijibu kwamba alitenda aliloamriwa kadiri ya uwezo wake. Alifariki mwaka 2002. Miaka 15 baadaye lilionekana daftari lake la mwaka 1940, na humo hesabu ya aliowaua ameiita orodha ya dhambi.

Yamkini mtu atasema kuwa kauli hizi mbili zinapingana. La, kila moja ina baraza lake. Mbele ya watu, aliyelinda nyumba iliyovamiwa hana hatia. Angalikataa, wavamizi wangalipita juu ya wazee na watoto. Mbele ya dhamiri, kila aliyeanguka alikuwa mwana wa mtu, na aghalabu naye alikuja kwa amri. Haki ya vita humtoa askari katika lawama. Haimrudishi marehemu kwa mama yake.

Waliomsifu Häyhä walihesabu ushindi. Yeye alihesabu roho. Taifa lililookoka laweza kuisahau hesabu hiyo, wala halitadaiwa. Mkono uliofyatua risasi hauwezi. Askari wa kuogopwa ni yule ambaye angeliua idadi ile ile, kwa amri ile ile, asione la kuandika.